Ukuta Umechafuka au Umechafuliwa?

Swali: Ninatafsiri kanuni za jengo kutoka Kiingereza na nimekwama kwenye neno "deface". Kamusi imenipa "umbua", programu ya tafsiri imenipa "haribu", na mwenzangu anasema "chafua" linatosha. Lipi ni sahihi?

Jibu: Swali hili hunifikia mara kwa mara, na kila mara limejengwa juu ya dhana ileile inayonichosha, kwamba kila neno la kigeni lina pacha wake mmoja wa Kiswahili aliyejificha mahali, na kazi ya mfasiri ni kumfichua. Pacha huyo hayupo. Kiswahili hutaka kwanza kujua ukuta umefanywa nini. Aliyeupaka tope ameuchafua. Aliyepitisha msumari ameukwaruza. Aliyejaza majina na mistari ovyo amechorachora, na hapo kurudiwa kwa kitenzi ndiko kunakobeba lawama, kwa sababu hata fundi aliyeajiriwa kuupamba naye amechora. "Haribu" ni pana mno, kwani mlango uliokwaruzwa bado unafungika vizuri.

"Umbua" ndilo lenye utamu. Limetokana na "umba" kwa njia ileile ya kutendua inayotupa "fungua" kutoka "funga", hivyo maana yake ya msingi ni kutengua umbo, kukiondolea kitu sura yake. Kwa maana hiyo linafaa kabisa. Hata hivyo, msomaji wa leo akikutana nalo humfikiria mtu aliyeaibishwa hadharani, na kanuni inayokataza kuumbua ukuta itamchekesha kabla ya kumwonya. Mimi ningeandika: "Ni marufuku kuandika, kuchora au kukwaruza kuta." Vitenzi vitatu mahali pa kimoja si kosa.

Wanaonitia hofu zaidi ni wale wanaookota neno kutoka kwenye programu na kusahau mnyambuliko wake. Nimewahi kuletewa mkataba wa upangaji uliomtaka mpangaji alipe fidia "kuta zikichafuka". "Chafuka" halimtaji mtendaji. Ukuta huchafuka kwa vumbi, kwa moshi wa jikoni, hata kwa mvua inayopenya dirishani, na kwa maneno hayo mpangaji angelipia yote. Aliyekusudia kumbana mharibifu alipaswa kuandika "zikichafuliwa na mpangaji". Mwenye mkataba, ambaye rasimu yake ilitoka kwenye programu ya tafsiri, alikuwa ameniomba nikague tahajia tu.