Jibu: Je, mgahawa wenye nyota unastahili akiba ya miezi sita?

Ndugu, nimekuelewa: umedunduliza miezi sita umpeleke mkeo mgahawa wenye nyota siku ya kumbukumbu ya ndoa yenu, sasa unahofia kwamba tuzo ni mbwembwe tu.

Kwanza jua nani anatoa nini. Nyota hutolewa na Michelin, ambayo ni kampuni ya matairi. Kitabu chake cha mwongozo kilianza Ufaransa mwaka 1900, nyota za migahawa zikafuata 1926. Wakaguzi wake huenda bila kujitambulisha, na nyota hupima chakula kilicho kwenye sahani. Ukarimu wa wahudumu, viti, utulivu wa kuongea na mwenzako, hayo hayamo. Orodha ya Migahawa 50 Bora Duniani, tuzo nyingine iliyoanza 2002, ni kura za wadau wa migahawa, kwa hiyo mgahawa unaovuma una nafasi kubwa zaidi. (Tangu 2019 waliowahi kushika namba moja hawashindanishwi tena, kwa hiyo "wa kwanza" ni wa kwanza kati ya waliobaki.)

Mimi niliwahi kula mahali pa namna hiyo. Chakula kitamu kweli, ila saa nne za sahani ndogondogo zilituchosha, na mvinyo ulikaribia kuongeza bili mara mbili.

Kwa hiyo nenda mchana, mara nyingi bei hushuka. Uliza mapema masharti ya kughairi na gharama ya huduma. Angalia pia alama ya Bib Gourmand, ambayo Michelin hutoa kwa chakula kizuri cha bei nafuu. Ukilazimika kukopa, ahirisha. Na mkeo, umemuuliza anapenda nini?