Usimsugue huyo chura wa bronzi

Ndugu uliyeuliza kama ung'arishe kile kidau cha wino cha chura kaachama mdomo, nakuomba usikiguse na dawa yoyote, huo weusi wake ukiutoa haurudi tena. Kule Padova, Italia, miaka ya 1500 mafundi walikuwa wanachukua chura au kaa halisi wanamtengenezea kalibu kisha wanamimina bronzi (shaba iliyochanganywa na bati), ndo maana vipele vyote vinaonekana, aisee vinatisha na vinapendeza! Severo da Ravenna, fundi wa bronzi wa enzi hizo, yeye alitengeneza mazimwi ya baharini. Ila karne ya 19 viliigwa sana, kwa hiyo kigeuze, ukikuta skrubu ya mashine huenda ni cha kuiga, si cha enzi hizo. Vumbi futa kwa brashi laini, maji usitie, halafu wapelekee watu wa makumbusho wakikague.