Kwa nini boila za Crush zililipuka?

SWALI: Mhandisi, nimesoma kwamba mwaka 1896 huko Texas treni mbili ziligonganishwa makusudi mbele ya umati, na watu wakafa. Kilichowaua ni mgongano wenyewe au boila? Na wataalamu hawakulijua hilo mapema?

JIBU: Ni boila, yaani tangi la chuma linalochemsha maji ili kutoa mvuke wa kuendesha treni. Tarehe 15 Septemba 1896, William Crush, ofisa wa kampuni ya reli ya Missouri-Kansas-Texas, alikusanya watu wapatao 40,000 karibu na mji wa West. Kiingilio kilikuwa bure. Kampuni ilitafuta jina, na nauli za waliosafiri kwa treni zake kwenda kutazama. Madereva walifungulia mvuke, wakaruka, na vichwa viwili vya treni vikakutana uso kwa uso.

Crush alikuwa amewauliza wahandisi, na wengi walimhakikishia kwamba boila zingehimili. Naamini hapo ndipo hesabu ilipoharibika. Boila husanifiwa kubeba shinikizo linalosukuma sawasawa kutoka ndani. Halisanifiwi kupigwa kwa mbele na tani kadhaa za chuma, pigo linalokunja mabati na kung'oa ribiti, yaani pini za chuma zinazoyaunganisha.

Likishapasuka, hatari kubwa ni maji kuliko mvuke uliokuwa tayari juu yake. Chini ya shinikizo mara 10 ya lile la hewa, maji hubaki kimiminika hadi nyuzi joto 180 hivi. Shinikizo likitoweka ghafla, sehemu ya maji hayo hugeuka mvuke papo hapo: lita moja hutoa zaidi ya lita 200. Nishati hiyo huzidi kwa mbali ile ya mwendo wa kichwa chenyewe. Ndiyo maana vipande vya chuma viliwafikia watu waliodhani wamesimama mbali. Wasiopungua 2 walikufa, na mpiga picha aliyeajiriwa kwa onyesho hilo alipoteza jicho kwa bolti iliyoruka.

Je, ingeepukika? Ndiyo, kwa kuzima moto kabisa na kuviachia vichwa viteremke kwenye mteremko vikiwa baridi. Mwendo ungepungua, na moshi, ambao ndio watu waliufuata, usingekuwepo. Kama moto ungebaki, umati ulipaswa kuwekwa nyuma ya tuta la udongo. Umbali pekee hautoshi pale ambapo chuma hurushwa juu na kuangukia popote.

Kampuni ililipa fidia. Crush alifukuzwa siku hiyo hiyo, kisha akarudishwa kazini upesi, na maonyesho ya kugonganisha treni yakaendelea Marekani hadi miaka ya 1930.