Shujaa wako akirudi nyumbani, usiku analala?

Riwaya yangu ya kwanza ya fantasia niliimalizia kwa karamu. Binti aliyekwenda nchi ya majini kuurudisha moto waliouiba kijijini alifika salama, ngoma zikapigwa, wakaishi raha mustarehe. Mswada nilimpa shangazi yangu, ambaye hajui kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa. Alipomaliza aliniuliza: "Huyu mtoto, usiku wa kwanza alilala?"

Sikuwa na jibu. Nilimpitisha binti wa watu kwenye moto na giza kurasa nzima nzima, kisha nikamrejesha kana kwamba alikwenda kisimani tu.

Ndipo nikamrudia Tolkien, mwandishi Mwingereza wa The Lord of the Rings, safari hii nikisoma zile sura za baada ya Pete, ile pete ya uovu, kuangamia motoni, ambazo wengi huzipitia mbiombio. Frodo, shujaa aliyeibeba Pete hadi kwenye moto huo, amefika kwao, amani ipo, lakini ikifika tarehe 6 Oktoba, siku aliyochomwa kisu pale kilima cha Weathertop, anaugua. Mwezi Machi tena, anaugua. Kidole kimoja hana. Wanaoshangiliwa ni wenzake wa safari, Merry na Pippin, na mavazi yao ya kivita. Yeye watu wa kwao wala hawamjali sana. Na liko zito zaidi: pale ukingoni mwa moto hakuitupa Pete. Aliidai iwe yake, akang'atwa kidole na Gollum, kiumbe aliyekuwa na Pete hapo zamani, na huyo ndiye aliyetumbukia nayo. Jambo kama hilo unamsimulia nani? Unaanzia wapi? Mwishowe anapanda meli na kuondoka.

Tolkien mwenyewe alipigana Somme, Ufaransa, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, mwaka 1916, akarudishwa Uingereza akiwa mgonjwa, na mwaka huohuo vita vikamchukulia marafiki wawili wa karibu. Naamini mtu wa namna hiyo asingeweza kumwandikia Frodo karamu akaishia hapo.

Ila angalia: Sam, mtumishi na rafiki wa Frodo, alitembea karibu njia ileile, na yeye akarudi, akaoa, akapanda miti, akachaguliwa meya mara saba. Kwa hiyo urefu wa safari peke yake hautoshi kukueleza nani atashindwa kurudi. Wewe unayeandika, jiulize shujaa wako alibeba nini, kwa muda gani, na alifanya nini ambacho hawezi kumwambia mama yake. Hapo ndipo mwisho wako ulipo. Usiniandikie kwamba "hakuwa yule wa zamani"; mpe kazi ya nyumbani, kazi ndogo kabisa, kisha utazame mwili wake unavyoifanya.

Mimi karamu niliifuta. Badala yake kuna asubuhi jikoni. Uji unafurika, mama anageuka kutafuta kitambaa, na binti, ambaye viganja vyake vilibeba kaa la moto kutoka kwa majini siku saba, anaipua sufuria kwa mikono mitupu na kuitua chini taratibu. Mama anaitazama ile mikono. Kisha anachukua kata, anaanza kumimina uji.