Jibu: Msururu wa umbo lililorefuka hauonekani kwenye disprosiamu-152

Habari mkuu. Unasema data yako ya miale ya gama kutoka viini vya disprosiamu-152 inaonyesha mistari ya kawaida tu, ule msururu wa mistari inayoachana kwa takriban keV 47 (kipimo cha nishati), ambao kiini kilichorefuka hutoa kinapozunguka kwa kasi, haupo.

Kagua shabaha (kipande kinachopigwa na boriti ya ioni) kwanza. Ikiwa imebandikwa kwenye bamba nene, viini hutoa miale ya gama vikiwa bado vinapunguza mwendo humo, kwa kuwa mipito (miruko ya kiini kutoka ngazi moja ya nishati hadi nyingine) ya juu ya msururu huo ni ya haraka mno. Mistari hutanuka na kuzama. Tumia foili nyembamba isiyo na bamba, kisha sahihisha Doppler (badiliko la nishati ya mwale kutokana na mwendo wa kiini) kwa pembe ya kila kigunduzi.

Pili, usichuje (yaani usichague matukio yenye mstari fulani) kwa mstari mmoja! Msururu huu ni dhaifu sana, hubeba asilimia chache tu ya miale ya kiini hiki. Chuja kwa jozi za mistari ya msururu, ukiacha yoyote inayogusana na ya kawaida, halafu jumlisha.