FAFSA kwa familia mpya Marekani: mahali fomu inapokwama

Wengi huiogopa FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa serikali kuu ya Marekani wa kulipia chuo, kwa sababu ya maswali ya mapato. Siku hizi sehemu hiyo ndiyo nyepesi, maana mkishatoa idhini, takwimu za kodi huvutwa zenyewe kutoka IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani. Kinachokwamisha fomu ni jina lililoandikwa tofauti na kadi ya Social Security (hifadhi ya jamii), tarehe ya kuzaliwa iliyogeuzwa, swali la nani ahesabiwe mzazi, na sahihi ya mtu mmoja ambaye hakuna aliyemkumbuka.

Fomu ni bure na inajazwa studentaid.gov. Ukiona tovuti inadai ada ya kuiwasilisha, ondoka.

Anzeni na akaunti za studentaid.gov, siku kadhaa kabla ya kugusa fomu yenyewe. Mwanafunzi anafungua yake, mzazi anafungua yake. Barua pepe moja au namba moja ya simu haiwezi kubeba akaunti mbili. Mwanafunzi asitumie barua pepe ya sekondari, kwa sababu nyingi hufungwa akishahitimu, na fomu hii itajazwa tena kila mwaka akiwa chuoni. Akaunti ya mama ifunguliwe na mama mwenyewe. Mtoto anayejua kompyuta anaweza kukaa pembeni kuelekeza, lakini asimwekee nywila na kumtilia sahihi. Ile sahihi ni kiapo cha kisheria.

Jina linalotakiwa ni lile lililo kwenye kadi ya Social Security, herufi kwa herufi. Hapa familia zilizoingia kama wakimbizi huumia zaidi: jina la ukoo na jina la kwanza yamebadilishana nafasi, au mtu mwenye jina moja ameandikiwa FNU (jina la kwanza halijulikani) mahali pa jina la kwanza, au wote nyumbani wamepewa Januari 1 kuwa siku ya kuzaliwa. Hata kama unajua ulizaliwa Agosti, andika kilichomo kwenye kumbukumbu za serikali. Ukitaka kurekebisha, rekebisha kwanza kwenye ofisi ya Social Security, ndipo uje kwenye fomu. Na msisahau kwamba Marekani mwezi hutangulia siku: 03/07 ni Machi 7, si Julai 3.

Mzazi asiye na namba ya Social Security naye anafungua akaunti. Kuna kisanduku cha kusema hana. Asiweke ITIN, namba ya kodi wanayopewa wasio na Social Security, mahali pa namba hiyo. Awe na fomu yake ya kodi, 1040, mkononi, kwa kuwa huenda akatakiwa kuandika takwimu mwenyewe. Hali ya mzazi ya uhamiaji haimnyimi mtoto msaada. Inayoangaliwa ni ya mwanafunzi: raia, mwenye grini kadi, mkimbizi, aliyepewa hifadhi, na makundi mengine machache. Mwenye DACA (kinga ya muda ya kutofukuzwa kwa walioletwa Marekani utotoni bila hati) hapati msaada wa serikali kuu, ila baadhi ya majimbo yana fomu yao. California, kwa mfano, inayo.

Sasa twende kwenye swali la mzazi, ambalo kwetu lina uzito kuliko waandishi wa fomu walivyofikiria. Mjomba aliyekulea, shangazi unayeishi kwake, bibi, dada mkubwa: hakuna hata mmoja anayehesabiwa mzazi kwenye FAFSA, isipokuwa amekuasili kisheria. Usiandike mapato yao mahali pa mzazi. Mwanafunzi aliye chini ya miaka 24 kwa kawaida huhesabiwa tegemezi, yaani taarifa za mzazi lazima ziwemo, na kujilipia kodi ya nyumba hakubadilishi chochote. Wanaotoka kwenye utegemezi ni waliooa au kuolewa, wenye watoto wanaowatunza, waliotumikia jeshi, na yatima au waliokuwa chini ya uangalizi wa serikali wakati wowote tangu walipofikisha miaka 13. Pia yumo ambaye mahakama ilimteulia mlezi. Ni mahakama, barua ya makubaliano ya wanafamilia haitoshi.

Je, wazazi wako nje na mawasiliano yalikatika wakati wa vita, au kuwatafuta kunaweza kuwahatarisha? Jibu ndiyo kwenye swali la mazingira yasiyo ya kawaida. Sheria inataja wazi ukimbizi, kutelekezwa na mzazi, mzazi aliye gerezani na usafirishaji haramu wa binadamu. Fomu itakukubali kwa muda kama mwanafunzi anayejitegemea, kisha chuo ndicho kitakachoamua. Pelekeni barua kutoka kwa mfanyakazi wa shirika la wakimbizi, mshauri wa shule, au kiongozi wa dini anayeijua hali hiyo. Mzazi aliyepo lakini anakataa tu kutoa taarifa zake ni jambo jingine kabisa: hapo mwanafunzi huishia kwenye mkopo usio na nafuu ya riba, bila ruzuku.

Wazazi wakiwa wametengana au kuachana, anayejaza ni yule aliyetoa matumizi mengi zaidi kwa mtoto katika miezi 12 iliyopita, hata kama mtoto anaishi kwa mwingine. Akiwa ameoa au kuolewa tena, mwenzi wake anaingia. Wazazi ambao hawakufunga ndoa lakini wanaishi pamoja huhesabiwa wote wawili. Na kama ndoa ipo, ila baba yuko bado Afrika na hawakuwasilisha kodi ya pamoja, baba naye anahitaji akaunti, idhini na sahihi. Idhini inatakiwa hata kwa mtu ambaye hajawahi kulipa kodi Marekani. Ikikosekana ya mmoja, mwanafunzi hapati msaada wowote wa serikali kuu. Familia nyingi hudhani zimemaliza, kumbe fomu imelala miezi miwili ikisubiri baba abonyeze kitufe.

Fomu ya mwaka wa masomo 2026–27 hutumia mapato ya 2024. Familia iliyofika 2025 haina kodi ya Marekani ya mwaka huo. Semeni hamkuwasilisha, na kama mlikuwa na kipato huko mlikotoka, kigeuzeni kuwa dola. Kama hamkuwa nacho, andikeni 0 badala ya kuacha wazi. Pesa mnazotuma nyumbani kila mwezi hazipunguzi mapato kwenye fomu. Ndugu mnayemtunza akiwa nje haongezi ukubwa wa kaya, kwa kuwa ndugu wa aina hiyo huhesabiwa tu akiwa anaishi nanyi na mnambeba kwa zaidi ya nusu ya matumizi yake. Inauma, lakini kudanganya hapa ndiko kunakoleta uhakiki mrefu, yaani chuo kudai karatasi za kuthibitisha mlichoandika.

Kwenye mali, nyumba mnayoishi na akaunti za pensheni hazitajwi. Kuziandika kwenye uwekezaji ni kosa la kawaida na linaweza kuwanyima ruzuku. Kiwanja au nyumba ya kupangisha kule nyumbani, lakini, huhesabiwa kwa thamani yake baada ya kutoa deni. Salio la benki ni la siku ile mnayotia sahihi. Akiba ya karo msiiweke kwa jina la mtoto: fomu huchukua asilimia 20 ya mali ya mwanafunzi tegemezi, wakati ya mzazi haizidi asilimia 5.64.

Tarehe ya mwisho ya serikali kuu kwa mwaka wa masomo 2026–27 ni Juni 30, 2027. Msiifuate hiyo. Fuateni ya chuo na ya jimbo, ambazo huja mapema zaidi. Kwa Cal Grant, ruzuku ya jimbo la California, siku iliyozoeleka ni Machi 2. Pesa za jimbo zikiisha zimeisha.

Fomu ikishapita mtapata namba iitwayo SAI, kipimo cha uwezo wa familia kulipia chuo, ambayo inaweza kushuka hadi -1500. Mwenye 0 au chini ya hapo hupata kamili ruzuku ya serikali kuu iitwayo Pell, dola 7,395 kwa mwaka wa 2026–27, akisoma muda wote. Chuo kikiomba uhakiki, jibuni wiki hiyohiyo. Hakitatoa hata senti mpaka kipate karatasi. Vyuo kadhaa vya binafsi vitataka pia CSS Profile, fomu nyingine ya kuombea misaada ya chuo chenyewe, ambayo ni ya kulipia lakini ni bure kwa familia zenye mapato ya hadi dola 100,000, na mara nyingi humtaka mzazi wa pili hata baada ya talaka.

Barua ya msaada inayotumwa na chuo ndipo watu hudanganyika. Tuseme gharama ya mwaka ni dola 30,000, na barua imejumlisha "msaada" wa 24,000. Ukiufungua: ruzuku 16,000, mkopo wa mwanafunzi 5,500, kazi ya chuoni 2,500. Bei halisi kwenu ni 14,000. Mkopo utalipwa na riba. Pesa ya kazi haikatwi kwenye karo. Mwanafunzi hulipwa kidogokidogo kadiri anavyofanya kazi, na kazi yenyewe lazima aitafute. Ukiona PLUS kwenye orodha, huo ni mkopo wa mzazi, na hakuna anayelazimika kuuchukua. Linganisheni vyuo kwa hesabu ya gharama kutoa ruzuku tu. Chuo chenye barua nene si lazima kiwe cha bei nafuu.

Kama hali imebadilika tangu 2024, kazi imekatika, mzazi amefariki, hospitali imekula akiba, andikieni ofisi ya misaada ya chuo na kuomba tathmini upya. Idara ya Elimu haiwezi kubadilisha, chuo kinaweza. Barua iwe ya ukurasa mmoja: nini kimetokea, lini, mapato yalikuwa kiasi gani na sasa ni kiasi gani. Ambatanisheni barua ya kuachishwa kazi na hati ya mwisho ya mshahara. Maelezo ya huzuni bila tarakimu hayamsaidii afisa kubadilisha kitu.

Baada ya kuanza masomo, ili msaada uendelee, vyuo vingi hutaka wastani wa alama (GPA) wa 2.0 na kufaulu takriban asilimia 67 ya krediti ulizosajili. Mwanafunzi akitaka kuacha somo, apite kwanza ofisi ya misaada. Akijiondoa masomo yote kabla ya asilimia 60 ya muhula kupita, sehemu ya pesa hurudishwa serikalini, na deni linalobaki chuoni huwa lake.