Maswali ya Wasomaji: Nyimbo za Marehemu Baba Nizihifadhi Wapi?

SWALI: Ndugu Mhariri, marehemu baba aliniachia kaseti nyingi za kwaya na za muziki wa dansi, nami nimezigeuza kuwa mafaili ya MP3 yapatayo 2,000, yenye ukubwa wa GB 9, yaliyomo katika kompyuta moja ya zamani. Natamani kuyaweka mtandaoni ili niyasikilize kwa simu hata niwapo safarini Makete, ila naogopa gharama ya bando. Nifanyeje?
Msomaji, Mafinga, Iringa

JIBU: Ndugu yetu wa Mafinga, hongera kwa kazi hiyo. Kabla ya yote, nakili mafaili yote kwenye flashi leo hii, kwani hifadhi ya mtandaoni haifai kuwa nakala pekee. Mwaka 2019 mtandao wa kijamii wa Myspace ulitangaza kwamba nyimbo zilizopakiwa humo kabla ya mwaka 2016 huenda zimepotea wakati wa kuhamisha seva, yaani kompyuta zinazohifadhi mafaili ya mtandaoni, na mwaka 2020 Google ilifunga huduma yake ya kuhifadhi na kusikiliza muziki, Google Play Music.

Google Drive, hifadhi ya mtandaoni ya Google, hutoa GB 15 bure, nafasi inayokutosha, ingawa barua pepe na picha zako hukaa humohumo. Akaunti isiyotumika kwa miaka 2 inaweza kufutwa, basi uwe unaifungua.

Kuhusu bando, MP3 ya kbps 128 (kilobiti 128 za sauti kwa sekunde) hula takriban MB 1 kwa dakika, yaani MB 60 kwa saa, na ukirudia wimbo moja kwa moja kutoka mtandaoni, mara nyingi unalipia tena. Kwa hiyo, pakua nyimbo unazozitaka ukiwa bado Mafinga penye Wi-Fi, kisha uzisikilize njiani kwa programu ya bure kama VLC bila intaneti. Kupakia nako kufanye folda moja moja, usiku bando linapokuwa nafuu.

Jambo ninalokusihi zaidi ni majina. Faili linaloitwa «AUDIO 014» halitamwambia mwanao chochote, ilhali kwenye jalada la kaseti pengine baba aliandika kwa kalamu jina la kwaya, usharika na mwaka. Yahamishie maneno hayo kwenye jina la faili kabla ya kupakia, na majalada yenyewe uyapige picha uyaweke katika folda ileile, kwa kuwa wino wa kalamu hufifia.

Mwisho, folda hiyo usiifungulie umma, kwa sababu nyimbo hizo zina wenyewe, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inawalinda.